Barua ya wazi kwa Waziri wa Mawasiliano: Simu ya mezani bado inaita Tabora

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya mawasiliano,

YAH: SIMU ZA MEZANI ZILIZOBAKI MAJUMBANI

Pokea salamu kutoka Kanyenye, Manispaa ya Tabora. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, naishi na mama yangu mzazi. Ana miaka 84 na macho yamempungua. Sebuleni, kwenye kimeza cha pembeni, ipo simu ya mezani aliyoifunika kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe. Ikiita, mama ananyanyuka, anashika ukuta, anahesabu hatua, anapokea. Akitaka kupiga, vidole vyake vinajua vitufe vilipo. Simu yangu ya kugusa kioo niliwahi kumpa akaishika kama mtu aliyeshikishwa kigae cha chungu, akanirudishia.

Watu wakiingia ndani wanashangaa. "Mwalimu, hii bado inafanya kazi?" Inafanya kazi, Mheshimiwa. Nakuandikia kwa sababu swali hilo nalisikia kila wiki, na nina hofu kwamba siku moja litajibiwa ofisini bila mtu kuja kutazama majumbani.

Historia ya simu hii ni ya mtaa mzima. Baba alikuwa mtu wa reli, na zamani hizo mtu aliandika jina lake kwenye orodha akangoja miaka hadi zamu yake ifike. Siku fundi alipopanda nguzo na kushusha waya mpaka dirishani kwetu, watoto wa jirani walijaa uani. Tangu siku hiyo nyumba yetu haikuwa na siri. Simu ilikuwa inaita usiku, sauti ya mbali inasema: "Niitieni mama fulani, napiga tena baada ya dakika kumi." Mimi ndiye niliyekuwa mjumbe. Nilikimbia peku hadi Gongoni, hadi Chemchem, nagonga mlango, narudi na mtu anahema kuliko mimi. Misiba ilifika kwetu kwanza. Watoto waliozaliwa Dar es Salaam na Mwanza, mitihani iliyofaulu, mahari iliyokubaliwa, vyote vilipita kwenye mkonga ule mweusi. Simu ya masafa iliombwa kwa opereta, na dakika tatu zikiisha anaingia katikati ya maneno kuuliza kama unaongeza. Baba alikuwa na kufuli dogo alilolipachika kwenye tundu la duara la namba ili tusimwongezee bili. Ufunguo ulikaa kwenye mfuko wa koti lake, lakini jirani akija na shida ya kweli kufuli lilifunguliwa, na sikuwahi kumsikia akimdai mtu.

Najua dunia imegeuka. Mwaka 2000 nchi yetu ilikuwa na laini za mezani takribani 170,000, na simu za mkononi zilikuwa hazijazifikia kwa idadi. Miaka ishirini baadaye, za mezani zilikuwa zimeshuka chini ya 80,000 nazo za mkononi zimepita milioni 50. Simlaumu aliyeikata. Simu ya mkononi imemfikia mfugaji wa Igunga na mrina asali wa Sikonge ambao waya wa shaba usingewafikia kamwe, imewaletea na pesa humo humo. Mimi mwenyewe ninayo, na pensheni yangu naipangia humo.

Lakini simu hizi mbili si kitu kimoja, na hapo ndipo naomba unisikilize. Laini ya mkononi ni ya mtu. Tangu 2019 tumezisajili kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, maana yake namba imefungwa kwenye kidole cha mtu mmoja. Akisafiri inasafiri naye. Akifa, inazimika, na baada ya miezi kadhaa anapewa mgeni. Laini ya mezani imefungwa kwenye nyumba. Anayepiga anaipigia nyumba, na yeyote aliyemo anapokea.

Baba alipofariki, simu yake ya mkononi iliwekwa kabatini na waliomjua kwa namba ile wakaishia hapo. Miaka sita baadaye simu ya mezani iliita saa moja jioni. Mzee mmoja wa Kigoma, aliyefanya kazi na baba kwenye treni tangu ujana wao, alikuwa ameibiwa simu na kupoteza namba zote. Iliyobaki kichwani mwake ni moja tu, ya kwetu. Iliongezewa tarakimu mbele miaka ile mfumo wa namba ulipobadilishwa, lakini za mwisho zilibaki zile zile, naye alizikumbuka. Akauliza, "Hapo ni kwa nani?" Mama akataja jina la baba. Walikaa kwenye simu muda mrefu, na sehemu kubwa ya muda huo hakuna aliyekuwa anasema kitu. Mimi sijui kwa kichwa namba ya mwanangu hata mmoja.

Kuna jambo la pili, nalo ni la umeme. Simu ya waya wa shaba haili umeme wa nyumba. Mkondo wake, volti 48, unatoka kwenye mitambo ya kituo cha simu, ambako kuna betri kubwa na jenereta, na kengele inapolia ni mitambo hiyo hiyo iliyosukuma mkondo wenye nguvu zaidi kupitia waya ule ule. Kwa hiyo LUKU, umeme wa kulipia kabla, ikiisha, nguzo ikianguka, mji ukiwa giza, ukinyanyua mkonga unasikia ule mlio wa kupigia.

Mwaka juzi mvua ya masika iliangusha miti na umeme ukakatika tangu mchana. Kufikia usiku simu za mkononi nyingi zilikuwa hazina chaji, na zilizokuwa nayo hazikupata mtandao mtaani kwetu. Saa nane usiku jirani aligonga: mkwe wake ameshikwa na uchungu kabla ya siku zake, damu inatoka. Tukawasha mshumaa, nikafungua daftari la baba la namba. Ya kwanza ilikuwa imekufa. Ya pili iliita mpaka ikakata. Asubuhi niliambiwa kwamba mahali hapo siku hizi hutumia simu ya mkononi ya mhudumu wa zamu, na zamu ilikuwa imebadilika akaenda nayo nyumbani. Ya tatu ilipokelewa. Gari lilikuja. Mtoto yule sasa anatembea, anakuja kwetu kuvuta waya wa simu na mama anamkemea.

Naifikiria mara nyingi ile namba ya pili. Palikuwa na jengo, palikuwa na watu wanaokesha, lakini simu ya mahali pale ilikuwa imelala kitandani kwa mtu mmoja upande mwingine wa mji. Zahanati, shule za bweni, ofisi za kata, vituo vya polisi: ni wapi kati ya hivyo mwananchi anaweza kupiga akijua anaipigia ofisi na sio mfuko wa suruali wa mtu?

Sitaficha udhaifu wake. Radi za Tabora unazijua. Zamani tulikatazwa kugusa simu mvua ikinguruma, kwa sababu radi hufuata waya mpaka ndani. Wezi wa shaba nao wamekata nyaya mtaani kwetu mara mbili. Nyumba nne zilikuwa na simu kwenye nguzo yetu, leo ni sisi na mzee mmoja aliyekuwa karani wa mahakama. Ninaelewa kwamba waya huu hautadumu na kwamba mkongo, yaani waya wa nyuzi za kioo, ndio unaokuja. Nchi nyingine ziko kwenye njia hiyo hiyo. Marekani, zaidi ya watu wazima saba katika kila kumi wanaishi kwenye nyumba zisizo na simu ya mezani. Ufaransa imepanga kuufunga mtandao wake wa shaba ifikapo 2030, eneo baada ya eneo. Uingereza walikusudia kumaliza Desemba 2025, wakasogeza hadi Januari 2027, na sababu kubwa ilikuwa wazee na wagonjwa wanaovaa vifaa vya kuitia msaada vinavyotegemea laini ile. Walisimama kwa ajili ya vikongwe wanaoishi peke yao, nami naliheshimu hilo.

Mkongo hupitisha mwanga na haubebi umeme wa kuendesha simu. Kisanduku chake ukutani kinakula umeme wa nyumba, kwa hiyo giza likiingia nacho kinazima. Ninachokuomba, Mheshimiwa, ni kwamba nyumba yenye mzee au mgonjwa ikihamishwa kutoka kwenye shaba, ihamishwe na namba yake ile ile, simu ya vitufe ile ile, na betri ndogo ya kukiwezesha kisanduku kuvuka usiku. Kabla ya hapo mtumwe watu wazihesabu nyumba hizi, mkoa kwa mkoa, wazikute, waongee na wanaoishi humo. Sisi sio wengi, hamtachoka. Na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya 2006 na ambao umesaidia kusimamisha minara vijijini, uangalie kama unaweza kugharamia simu moja ya kudumu, isiyobebeka, kwa kila zahanati, namba yake ikapakwa rangi ukutani nje.

Jingine ni dogo lakini linamuuma mama. Mwaka jana ofisi moja hapa mjini ilikuwa inamwandikisha, akataja namba yake kwa fahari. Kompyuta ikaikataa. Inataka namba inayoanza na 06 au 07. Yetu inaanza na 026, msimbo wa Tabora uliomo kwenye mpango wa namba wa taifa. Kijana akaandika yangu badala yake. Tangu hapo kila habari inayomhusu inakuja kwangu, naye anangoja nimsimulie mambo yake mwenyewe. Aliniambia njiani, "Mayu, wamesema sina simu." Naomba mifumo ya ofisi za umma iagizwe kuzikubali namba hizi.

Ukipata nafasi, piga. Namba ya nyumba yetu taasisi zilizo chini yako wanayo. Usipige kati ya saa nane na saa tisa mchana, huwa amelala. Iache iite kidogo, maana anatoka chumbani akishika ukuta. Atakutajia namba kwanza, tarakimu moja moja, kama walivyofundishwa kupokea enzi za opereta, halafu atangoja umwamkie.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu
Kanyenye, Tabora