Barua kwa mabinti wa kwaya, juu ya jina la Lea

Wanangu,

Wiki nzima usingizi umenipaa. Mwenzenu Lea alikwenda kwenye mkesha wa maombi. Mhubiri alipolisikia jina lake akamwambia maana yake ni kuchoka na kukataliwa, ndiyo sababu hajaolewa. Atoe sadaka, abadilishiwe. Akatoa akiba yake yote ya cherehani. Sasa anataka tumwite Raheli, jina la mdogo wake Lea wa Biblia, aliyependwa zaidi na Yakobo, mume wao wote wawili.

Nimekasirika, sifichi. Ni kweli wapo wanaolitoa jina hilo katika neno la Kiebrania la kuchoka. Lakini wapo wataalamu wanaolihusisha na neno la Kiakadi, lugha ya kale ya Mesopotamia, lenye maana ya ng'ombe jike. Mimi naliona hilo ndilo, maana Raheli ni kondoo jike, na Labani baba yao alikuwa mfugaji. Mfugaji akimwita bintiye ng'ombe, amemlaani? Waulizeni wafugaji wa kwetu.

Someni Mwanzo 29 taratibu. Lea huyo wa Biblia aliteseka, sikatai. Mwana wa kwanza akamwita Reubeni, "tazameni, mwana". Wa pili Simeoni, kwa kuwa Mungu amesikia. Wa tatu Lawi, akitumaini sasa mume ataambatana naye. Mara zote tatu moyo uko kwa Yakobo. Wa nne akamwita Yuda, sifa, na hapo mume hakumtaja hata kidogo. Hapo huwa nafunga kitabu nikalia. Kwa Lawi wakatoka Musa na Haruni, kwa Yuda Daudi na Bwana wetu. Raheli alizikwa njiani, karibu na Bethlehemu. Yakobo akifa Misri aliagiza azikwe katika pango la Makpela, alikomzika Lea.

Tamari ni mtende. Debora ni nyuki. Hana ni neema. Zipora ni ndege. Yeyote atakayewatoza fedha kwa majina hayo, mkimbieni.

Nasi wazee tuna hatia. Kila arusi tunamshika mkono binti wa miaka 27 na kumuuliza, "Na wewe lini?" Tumemuuliza hata akaenda kutafuta jibu kwa mtu yule. Mimi mwenyewe nilimuuliza, mwezi wa nne, mbele ya watu. Nisamehe, mwanangu.

Lea, mazoezi ni Alhamisi saa kumi na moja. Sauti ya pili imepwaya bila wewe. Njoo na jina lako.

Bibi yenu