Risala ya Kamati ya Dharura za Mifumo ya Hospitali kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkurugenzi wa Hospitali, wajumbe wa Bodi, watumishi wenzetu, mabibi na mabwana.

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu licha ya majukumu mazito uliyonayo. Karibu sana.

Mheshimiwa, kamati hii iliundwa hospitali ilipoachana na mafaili ya karatasi na kuhamia kwenye kompyuta. Tangu hapo tumepiga hatua kubwa mno. Kila wodi ina sanduku jekundu lenye fomu za dawa, maabara na eksirei, kalamu na namba za simu za zamu. Kila wodi pia ina kompyuta yenye betri inayotunza orodha ya wagonjwa na dawa zao, nayo husomeka hata mtandao ukikatika. Haya ni mafanikio ya kujivunia.

Hata hivyo, sanduku jekundu hutuvusha kwa saa chache tu. Mfumo ukilala siku nzima, majibu ya maabara hupelekwa kwa miguu, na wagonjwa wawili wenye jina moja huwa hatari ya kweli. Mfumo ukirudi ndipo kazi ngumu huanza: kila dozi iliyoandikwa kwenye karatasi lazima iingizwe kabla ya zamu inayofuata kugawa dawa. Dozi moja ya usiku ikisahaulika, asubuhi mgonjwa atapewa tena.

Ndiyo maana, Mheshimiwa, tuna ombi moja tu: seva ya akiba, yaani kompyuta kuu ya kutunzia nakala za data zetu, iliyowekwa nje ya jengo hili na kutenganishwa na mtandao wetu mkuu. Leo nakala zetu zote zinakaa chumba kimoja na seva yenyewe, kwenye mtandao uleule. Moto ukizuka, vyote vinaondoka. Wahalifu wa mtandao wakiingia, watafunga seva na nakala kwa pamoja.

Hatuzungumzii mambo ya kufikirika. Mei 2021 wahalifu wa mtandao waliishambulia huduma ya afya ya umma ya Ayalandi na kufunga data zake. Ufunguo wa kufungulia data ulipatikana ndani ya wiki moja, lakini kurejesha seva zote kulichukua takriban miezi minne. Tarehe 19 Julai 2024 hakukuwa na mhalifu yeyote. Sasisho bovu la programu ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani, na hospitali nyingi zikaahirisha upasuaji.

Pamoja na seva hiyo tunaomba ruhusa ya kujaribu kurejesha data kutoka kwenye nakala kila robo mwaka, maana nakala ambayo haijawahi kurejeshwa hakuna anayejua kama inafaa.

Mheshimiwa, kwa heshima zote, ombi hili si geni. Mgeni rasmi aliyekutangulia alilipokea kwenye ukumbi huuhuu, akaahidi seva kabla ya mwaka wa fedha kwisha. Tulipiga makofi kwa dhati. Aliyemtangulia aliahidi pia, hata wataalamu wakaja kupima chumba. Chumba kipo, kimepakwa rangi, kina umeme na kiyoyozi. Ndani hamna kitu.

Kwa hiyo tunakuomba, kabla hujaondoka leo, utembelee chumba hicho, kisha ututajie fungu litakalogharamia seva na tarehe ya kufika kwake, mbele ya Mkurugenzi, ili katibu wetu aiandike kwenye kumbukumbu za kikao.

Tunaomba kuwasilisha.