Barua ya wazi kwa walimu wanaofunza ngoma shuleni

Walimu wenzangu, ambao wengi wenu mna umri wa wanangu,

Nawasalimu kwa heshima. Nilistaafu kufundisha zamani, lakini sijaacha kuhudhuria Tamasha la Muziki la Kenya, na safari hii nimerudi Kwale na uchungu ambao sitaki kuumeza kimya.

Katika fainali za kitaifa, watoto wa shule moja ya msingi walicheza isukuti, ngoma ya Waluhya wa Kakamega, kwa ufundi uliowafanya wenzao wa Pwani, waliokuwa wakingoja zamu yao ya sengenya, ngoma yetu ya Kwale, washangilie hadi sauti zikawakauka. Walipotoka jukwaani, mmoja wao alimwendea mpiga zumari wetu akaomba ajaribu kuipuliza. Zumari ilikuwa imefika mdomoni mwalimu wake alipofoka, "Basini, upesi! Hao ni wapinzani wetu!" Mtoto akairudisha bila kutoa hata mlio mmoja.

Wapinzani! Mtoto wa miaka kumi na mmoja ana upinzani gani na mwenzake, kama si ule tuliompachika sisi?

Tamasha hili lilianza mwaka 1927, na leo shule hupanda kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, kisha kanda, hadi taifa. Ni wapi pengine mtoto wa Kwale na mtoto wa Kakamega wa rika lile watakutana katika uwanja mmoja, kila mmoja akiwa amebeba fahari ya kwao? Nyumbani husikia habari za makabila mengine kutoka kwetu wakubwa, hasa msimu wa uchaguzi, na tunayoyasema mbele yao hayasemeki hapa. Mwanzoni mwa mwaka 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, tuliona maneno ya namna hiyo yalikotufikisha.

Mwaka mmoja, nikiwa bado kazini, basi letu liliharibika baada ya mashindano, tukalazimika kulala madarasani pamoja na shule moja kutoka Kakamega. Tulipika maharagwe katika sufuria moja. Usiku wavulana wao waliwaonyesha wangu jinsi ngoma tatu za isukuti, kubwa, ya kati na ndogo, zinavyoitikiana, na wangu wakawafunga njuga miguuni wakawafunza hatua za sengenya mpaka mlinzi akaja kutuomba tulale. Kombe hatukulipata. Lakini wawili kati yao waliandikiana barua miaka mingi, na yule wa kwangu alipooa, rafiki yake alivuka nchi nzima kuja kusimama naye harusini. Nililia siku ile, wala sioni haya kusema.

Huko Uturuki, tamasha la watoto la Aprili 23 limekuwa likialika vikundi vya nchi nyingine tangu mwaka 1979, na desturi ikawa kuwalaza watoto wageni katika nyumba za wenyeji wao. Sisi tuna watoto wa nchi moja, wenye Kiswahili cha kuzungumzia, na bado tunawafungia madirisha ya basi.

Yapo mengine. Wafundisheni maana ya maneno kabla ya sauti. Mkicheza ngoma ya jamii nyingine, mwiteni mzee wa jamii hiyo awasikilize. Isukuti yenyewe iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Msicheke mavazi ya wengine mbele ya watoto.

Nanyi wakuu wa shule na wazazi, mnaopanga makombe ofisini na kuuliza tu "Mmekuwa wa ngapi?", muulizeni mtoto amejuana na nani, na jina la rafiki huyo alitamke sawasawa.

Wanangu, mkifika fainali mwakani, wapeni watoto alasiri moja isiyo na mazoezi wala waamuzi, wale pamoja na wabadilishane ala. Nami, Mungu akinijalia uhai, nitakuja na zumari yangu, nikae chini ya mti nimngoje yule mtoto.