Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani: tusisubiri ndege

Mkurugenzi, shikamoo. Naandika hapa hadharani ili na wapima wengine wachangie.

Ni kuhusu kuzihuisha zile ramani zetu za 1:50,000 (sentimita 1 kwenye karatasi ni nusu kilomita ardhini), seti ya Y742, ambazo mpima, mtu wa maji na mtu wa madini wote wanaanzia hapo. Nyingi zilichorwa na Waingereza wa Directorate of Overseas Surveys, idara yao ya kupima nchi za nje, kwa picha za ndege za zamani, na kazi yao ilikuwa safi, sibishi, kontua (mistari ya miinuko) mpaka leo unaziamini. Ila milima haihami, watu ndo wanahama. Chukua karatasi ya Stiegler's Gorge, mto Rufiji unajipitia zake porini, wakati sa hivi pale kuna bwawa la Julius Nyerere lililoanza kujazwa Desemba 2022. Reli ya SGR haimo, na mitaa kibao ya Dodoma ya leo bado ni mashamba.

Najua kurusha ndege ipige picha upya nchi nzima ni hela ndefu. Basi tusirushe. Setilaiti za Sentinel-2 za Ulaya zinapita juu yetu kila baada ya siku kama 5, pikseli (kidoto kimoja cha picha) mita 10, picha zake bure, mtu anadanlodi na kuchora kwenye QGIS, programu ya ramani ambayo nayo ni bure. Mita 10 kwenye 1:50,000 ni milimita 0.2, yani unene wa mstari wenyewe, kwahiyo kwa bwawa, barabara kubwa, ukingo wa msitu au mji uliotanuka inatosha kabisa. Nyumba moja moja na njia za miguu haioni, hapo nunueni picha kali za maeneo machache tu. Mawingu yakisumbua kuna rada ya Sentinel-1, inapenya, na maji ya mafuriko inayaonyesha vizuri mno.

Vijana tu waangaliwe kwenye datum, yani msingi wa kupimia majira ya mahali, maana karatasi za zamani ziko kwenye msingi wa Arc 1960 na picha ziko kwenye WGS84 ya GPS, ukizibandika hivyohivyo kila kitu kinasogea kama mita 300 kaskazini-kusini halafu mtu anakuja kuripoti eti mto umehama!

Hela itakayookolewa iende kwenye posho na mafuta, sababu setilaiti haijui kitongoji kinaitwaje wala kama kile kisima bado kinatoa maji, hayo anayajua mwenyekiti wa kitongoji na bibi anayechota pale. Ramani Huria, mradi wa wananchi kujichorea ramani, walianza hivyo Dar 2015, wanafunzi wa vyuo na wenyeji wakapita kwa miguu kwenye mitaa inayofurika, wakaandika mpaka mitaro.

Ombi langu anzeni na karatasi za Rufiji na Kibiti, mafuriko ya Aprili 2024 watu hawajayasahau. Zikiisha ziwekeni mtandaoni tudanlodi, na pembeni mwa kila karatasi muandike tarehe ya picha iliyotumika, maana mwaka wa kuchapa peke yake hautuambii kitu.