Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Mliponikabidhi kiti hiki mwaka jana niliahidi kongamano kubwa la masomo ya jinsia na ujinsia. Halikufanyika. Mfadhili alijitoa dakika za mwisho, na kamati ikaamua tusikope. Mhazini atasoma hesabu; mimi niseme tu kwamba hatudaiwi.

Kilichofanyika ni kidogo, ila kwa maoni yangu ndicho kilichotufanya jumuiya: kikao cha kila mwezi cha kusomeana rasimu. Sharti ni moja, mwenye rasimu hafungui mdomo mpaka wengine wamalize. Siku ya kwanza tulikuwa watano, na mmoja alikuwa amekosea chumba. (Amebaki nasi. Ni mtu wa sheria.)

Kikao kimoja sitakisahau. Mwanafunzi wa uzamili alileta sura ambayo ndani ya ukurasa mmoja neno "jinsia" lilibeba maana tatu: mara maumbile ya kike na ya kiume, mara nafasi ambayo jamii humpa mtu kwa maumbile hayo, mara matamanio yake. Wanaisimu wakataka "jinsi", "jinsia" na "ujinsia" zigawane kazi. Mwanahistoria akang'aka: waliohojiwa hawasemi hivyo, na sisi ni nani hata tuwasahihishe? Tulibishana mpaka mlinzi akaja na funguo. Muafaka haukupatikana, ila tulikubaliana kila mwandishi atangulize maana anayoitumia, na maneno ya wahojiwa yaachwe kama yalivyo.

Mjadala huo ulirudi tuliposoma kitabu cha mwaka 1997 cha mwanasosholojia wa Nigeria, Oyèrónkẹ́ Oyěwùmí, ambamo anadai kwamba kwa Wayoruba, watu wa Afrika Magharibi, umri ulitangulia jinsia: maneno yao ya ndugu hutenga mkubwa na mdogo, si mwanamke na mwanamume. Mmoja akadakia, "Mbona nasi husema 'mdogo wangu' tu?" Akajibiwa kwamba "yeye" wetu hana jinsia tangu zamani, na ubaguzi upo pale pale.

Sasa kosa, nalo ni langu. Mtoa mada mmoja alibadili majina ya wahojiwa wake wote, lakini slaidi ikaonyesha kazi ya mmoja, umri wake na idadi ya watoto wake. Mtu wa safu ya nyuma akamtambua. Slaidi ile niliipitia mwenyewe usiku wa kuamkia kikao, nikaiona safi. Katika utafiti wa ujinsia, dokezo moja la namna hiyo laweza kumpotezea mtu kazi au nyumba. Mtafiti amemfuata mhojiwa na kumweleza yaliyotokea. Tangu hapo, kila rasimu yenye mahojiano husomwa kwanza na mtu wa fani nyingine, ambaye kazi yake ni kujaribu kuwatambua waliomo.

Wahadhiri wakongwe, kwa heshima zote: mnatuma salamu, hamtumi maoni. Wanafunzi wanasomana wenyewe kwa wenyewe.

La mwisho linanitia haya. Katika chama cha masomo ya jinsia, kumbukumbu za vikao zimeandikwa na wanawake mwaka mzima. Hakuna aliyewapangia. Wanaume tuliinamia simu zetu, na kalamu ikajikuta mkononi mwa mwingine. Kuanzia mwezi ujao kutakuwa na zamu, na ya kwanza ni yangu. Rasimu zimfikie katibu wiki moja kabla ya kikao.