Mvua haiporomoshi mlima peke yake

Mhariri,

Kila ardhi inapoporomoka, lawama zote huiendea mvua. Kwenye miteremko ya Mlima Elgon, jivu la kale la volkano limeoza likawa udongo wa mfinyanzi wenye kina kirefu, uliolalia mwamba mgumu. Maji hupenya, yakifika mwambani hukwama. Shinikizo lake hupanda, udongo hupoteza mshikamano, tabaka zima huteleza. Pokot Magharibi, kulikotokea maafa ya Novemba 2019, miamba ni mingine, mikongwe zaidi na yenye matabaka. Yakiinamia upande wa bonde, hatari huzidi.

Anayekata mteremko kusawazisha kiwanja huondoa kitako kinachoushikilia. Hata matuta, tunayoyasifu mno, yakituamisha maji kwenye udongo huu huongeza mzigo. Yapewe mwinamo mdogo, maji yatoke hadi kwenye mfereji wenye nyasi.

Ufa uliopinda kama mwezi mwandamo ukitokea juu ya shamba, uzibwe kwa mfinyanzi ulioshindiliwa, na maji yaelekezwe kando. Ukizidi kupanuka, au chemchemi ikigeuka tope ghafla, watu wahame mara moja, hata kama mvua imekatika.

Msomaji,
Kapsokwony, Bungoma