Umekabidhiwa mali ya mayatima, mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka hapa Voi, sote hatujambo. Nimepata habari kwamba mahakama imekuteua wewe pamoja na mke wa marehemu mjomba wako kusimamia mirathi. Wale watoto wangali wadogo, na Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, inataka wasimamizi wasiopungua wawili pale fungu la mtoto linaposhikwa kwa amana. Kwa hiyo hukuwekwa hapo kujaza nafasi. Ukiletewa karatasi utie saini, isome mpaka mwisho, na usipoielewa, usiitie.

Kinachoninyima usingizi ni kodi ya vile vyumba. Nasikia wapangaji wanaituma kwenye simu yako. Tafadhali fungueni akaunti ya benki ya mirathi, yenye saini mbili, wiki hii hii. Pesa za mayatima zikishachanganyika na mshahara wako, hata kama hujala senti, utathibitishaje? Weka daftari: chumba cha tatu kimelipa tarehe fulani, fundi bomba kachukua kiasi fulani, risiti imebandikwa hapo hapo. Karo ilipwe moja kwa moja shuleni na stakabadhi ihifadhiwe.

Watu hudhani anayeadhibiwa ni mwizi peke yake. Soma kifungu cha 94. Msimamizi akizembea kukusanya mali ya marehemu, akaitumia visivyo au akaiacha iharibike, hasara atailipa yeye mwenyewe. Mpangaji akikaa miezi bila kulipa, nawe unamwonea haya kwa kuwa mlisoma pamoja, siku moja watoto wale watakuwa watu wazima, na wana haki ya kukuuliza.

Baba yako mdogo ameanza kulizungumzia lile shamba, anataka auziwe upesi. Mjibu kwa adabu, lakini usilegee. Ardhi haiuzwi kabla mahakama haijathibitisha usimamizi wenu, na kwa kawaida uthibitisho huo huombwa baada ya miezi sita tangu hati ya usimamizi itolewe. Wewe nawe usinunue chochote cha marehemu, hata ile pikipiki, na hata kwa bei nzuri: mrithi yeyote mwenye haki juu yake anaweza kwenda mahakamani kuubatilisha ununuzi huo. Wala usimkopeshe jamaa hata mmoja, awe mgonjwa, awe na harusi. Nitakuunga mkono wakikulaumu.

Madeni ya marehemu yalipwe kabla ya kugawa. Alikuwa na mkopo wa sacco, nina hakika. Mkigawa kwanza, waliokuwa wakimdai watakuja kukugongea mlango wewe. Orodha kamili ya mali na madeni, pamoja na hesabu, iwe mahakamani ndani ya miezi sita tangu mlipopewa hati.

Mkikwama, mwombeni hakimu mwelekeo kabla ya kutenda. Mahakama inaweza kumsamehe msimamizi aliyekosea hali alitenda kwa uaminifu na busara, lakini msamaha huo huombwa kwa ushahidi, na ushahidi wako ni lile daftari.

Shangazi yako ndiye aliye na karatasi za sacco. Mpigie kabla hujaenda kwa wakili, maana Jumatatu anasafiri.

Akupendaye,
Baba